Krismasi ya mafunzo kazini Berlin

Mwanafunzi, Kisumu: Ndugu zangu, Desemba nitakuwa Berlin kwa mafunzo ya vitendo kazini. Je, Krismasi huko huwaje kwa mtu aliyezoea kula samaki na ugali pamoja na jamaa wote?

Aliyerudi Nakuru: Nunua chakula mapema, kwa kuwa maduka hufungwa tarehe 24 mchana, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu. Jua hutua kabla ya saa kumi jioni, nawe utatoka kazini gizani. Hilo lilinichosha kuliko baridi yenyewe.

Dada wa Kakamega: Wenyeji husherehekea jioni ya tarehe 24, kila jamaa nyumbani kwake. Mpigie mama simu mapema, maana Kenya imetangulia kwa saa mbili. Unga nilibeba wangu.

Mwanafunzi, Kisumu: Asante, dada. Mwiko nao nitaubeba.