Re: Mdogo wangu kapata timu Uarabuni, tusaini?

Waalaykum salaam dada, hongereni sana. Mkataba uliotutumia nimeupitia wote, nasema niliyoyaona, wengine humu wataongezea.

Pale palipoandikwa mkataba utaanza kutumika akishafaulu vipimo vya afya na kibali cha kazi kikitoka, mwambie wakala apafute. Kanuni za FIFA zinakataza mkataba kutegemea vitu hivyo viwili, timu inatakiwa impime kwanza, ikishasaini imesaini. Kipengele kama hicho ndio mlango wa nyuma, dogo anafika kule kocha hamwelewi, ghafla goti lina shida, anarudi na begi lake. Wakala akikomaa kwamba hakitoki basi mmeshamjua ni mtu wa aina gani. Na leseni yake mshaiangalia? Mawakala wenye leseni wapo kwenye tovuti ya FIFA, unatafuta jina tu.

Sasa mshahara. Wameandika jumla ya mwaka mzima halafu basi, hamna kiasi cha kila mwezi wala tarehe ya kulipa, hapo msikubali kabisa. FIFA inasema timu ikikupiga kalenda mshahara wa miezi miwili, unaiandikia barua ya madai unaipa siku 15, wasipolipa unavunja mkataba kihalali na unawashtaki, na mchezaji halipi ada ya kesi. Lakini bila tarehe hiyo miezi miwili mtaanza kuihesabu lini? Na barua iwe barua kweli, sio voisi ya WhatsApp kwa meneja wa timu anayejibu "wiki ijayo inshallah" kila wiki. Wakati anasubiri aendelee kwenda mazoezini hata kama roho inamuuma, akisusa tu wanamgeuzia kibao kwamba katoroka kazini. Simon Msuva wa Taifa Stars aliwashtaki Wydad ya Morocco na akashinda, kwahiyo msiogope ukubwa wa timu. Nyumba, gari na tiketi za ndege walizomuahidi kwa mdomo nazo ziingie kwenye karatasi, zisipoandikwa hazipo.

Kuhusu mama kusema timu ndogo bora asubiri Ulaya, mwambie kwa heshima zote Ulaya yenyewe haina kituo cha mwisho. Mbwana Samatta alitoka TP Mazembe ya Kongo akaenda Genk ya Ubelgiji 2016, akawa bingwa wa huko 2019, Machi 2020 anafunga goli dhidi ya Man City Wembley akiwa na Aston Villa ya Uingereza, Septemba mwaka huohuo tayari yuko Fenerbahçe ya Uturuki. Baadae mkopo Antwerp, mkopo tena Genk, PAOK akabeba ubingwa wa Ugiriki 2024, 2025 akaenda Ufaransa na Le Havre. Huyo ni mtu aliyevaa kitambaa cha nahodha Taifa Stars! Mwenzake Thomas Ulimwengu kacheza Sweden, Bosnia, Sudan, Algeria. Kuhamahama ndio kazi yenyewe, mi naona wengi wanaumia kwa kusaini miaka mingi timu wasiyoijua wakidhani ndio usalama. Huyu dogo mwombeeni mwaka mmoja na nafasi ya kuongeza ambayo yeye pia lazima aikubali, sio timu iamue peke yake kama walivyoandika ukurasa wa nne.

Halafu dada, pasipoti yake inaisha lini? Kama imebaki chini ya mwaka aanze kushughulikia sasa hivi akiwa bado Dar, akishafika kule ubalozi unaweza kuwa mji mwingine kabisa na ruhusa ya kutoka kambini ni mtihani. Wakirekebisha mkataba tuma tena tuuone kabla hajashika kalamu.