Chozi na maji ya sukari, Tabora

Muulizaji (Ipuli): Wakuu, chozi (wale ndege wadogo wanaonyonya maua) wanajaa kwenye mishubiri ikichanua kiangazi, maua yakiisha wanapotea. Nikiwatundikia maji ya sukari, vipimo vikoje?

Jibu 1: Kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji. Koroga iyeyuke, poza. Asali hapana, inaota ukungu upesi. Rangi haina kazi. Chozi hupenda kunyonya akiwa ametua, si kama ndege wavumao (hummingbird) wa Marekani wanaonyonya wakielea hewani, kwa hiyo funga kijiti chini ya tundu la chupa.

Jibu 2: Joto la Oktoba hapo, badilisha kila siku. Yakiwa na ukungu mweupe yamechacha: mwaga, sugua chupa. Sisimizi? Grisi kwenye waya wa juu tu. Ikigusa manyoya, umemharibu ndege.

Jibu 3: Mbayuwayu wa Ulaya wanaokuja na mvua usiwahangaikie, wao hula wadudu tu.