Wa Barabara ya 9 (Ngamiani)

Da Zuhura: Asalam aleykum. Anlimitedi yetu inakwisha mwisho wa mwezi, tunahamia ile ya GB 200, bei nafuu ila zikiisha zimeisha. Kabla sijalipa kila mtu aniambie anakula ngapi. Ingia setingi, matumizi ya data, chagua WAIFAI sio laini, piga skrinshoti tuma hapa

Da Zuhura: Tiki za buluu naziona lakini

Hamisi: Mie GB 11

Da Zuhura: Hiyo ya laini Hamisi. Nimesema waifai

Hamisi: Aah. 74 😅

Saumu: 74!! Unapakua meli bandarini?

Saumu: HD inakula kama GB 3 kwa saa na huyu anaangalia mpira mpaka anakoroma simu inaendelea

Hamisi: Na tivii ya sebuleni mbona haitumi skrinshoti

Da Zuhura: Ndo maana nasoma kwenye ruta, ile inajumlisha wote, ila yetu umeme ukikatika inaanza sifuri na jana umekatika mara mbili, sasa naandika daftarini kila usiku. Juzi GB 9 siku moja tu, mwezi si 270 hizo

Mwinyi: Na kamera ya getini, inarusha video mtandaoni usiku kucha, kurusha nako kunahesabiwa

Hamisi: Alipe aliyeifunga

Mwinyi: Ndo zenu. Hata luku ya friza mlisema hivihivi nikalipa peke yangu mpaka Mfungo Mosi

Saumu: Friza jamani 😂😂 nani anakumbuka zile barafu za ubuyu

Hamisi: Za ukwaju ndo zilikuwa zenyewe

Da Zuhura: TUONGEE GB

Bimkubwa: Wanangu mie hayo majibii siyajui. Ami yenu wa Maskati akipiga ijumaa namuona uso. Siku uso ule ukigandaganda kwa ajili ya mpira, hiyo ruta naitia kabatini na ufunguo ninao mie. Na ya friza yalikwisha mbele ya marehemu, asiyafukue mtu.

Mwinyi: Tumesikia mama

Hamisi: Samahani bimkubwa

Da Zuhura: Basi Hamisi teremsha ubora wa video uwe 480, haifiki hata GB 1 kwa saa. Wote zimeni watsapu isijishushie video yenyewe. Kamera ntaongea na Mwinyi pembeni. Rukia? Mudi?

Rukia: Ndo naona sahivi. Yangu imeandika 1.2 tu, ni GB au MB?

Da Zuhura: Skrinshoti Rukia

Mudi: Kwani mshahamisha? Huku chumba cha uani haishiki toka asubuhi