Kusini tunauziwa bando, mtandao hatupewi!

Wadau wa Mtwara na Lindi, hili limetuchosha. Simu inasoma 4G, mistari imejaa, halafu muamala unazunguka mpaka unagoma. Ukipiga 100 unasikilizishwa matangazo ya bando, kisha mhudumu anakwambia zima simu uwashe. Mnara uliozidiwa hautibiwi kwa kuzima simu! Ile mistari inaonyesha tu jinsi simu yako inavyousikia mnara. Haikwambii mko wangapi juu yake, wala kama njia ya kutoka mnarani kwenda nje inatosha. Ndiyo maana msimu wa korosho ukifika, kijiji chenye mnara mmoja kinakwama hata kama mistari imejaa. Umeme ukikatika, mnara unaishi kwa betri, na betri zikiisha bila jenereta, kwaheri.

Msichague laini kwa bei ya bando. Azima laini mbili tatu, zipime kwenye simu ileile, ukiwa ndani unapofanyia kazi na si barabarani. Kwenye Android fungua Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya laini, usome dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye simu. -85 ni nzuri, -110 na kuendelea chini ni shida. Pima asubuhi mapema, rudia saa 2 usiku. Kama dBm ni zilezile lakini intaneti imekufa usiku, mnara au njia yake ya nje imezidiwa, na simu mpya haitakusaidia kitu.

Mlio Newala, Tandahimba na Nanyumbu, kando ya Mto Ruvuma: simu inaweza kudaka mnara wa Msumbiji na salio likaliwa mkiwa nyumbani kwenu. Zimeni data ya nje ya nchi na mchague mtandao kwa mkono, msiiachie simu ichague yenyewe.

Huduma kwa wateja nayo ipimeni kabla ya kununua: pigeni 100 jioni, mhesabu dakika. Na kila mkilalamika, daini namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Ukifika TCRA, mamlaka inayosimamia kampuni za simu, swali la kwanza ni kama ulianzia kwa kampuni yenyewe, na maneno matupu hayakusaidii. Weka tarehe, saa, kijiji na picha ya skrini.

Kuhama na namba yako ni haki tangu 2017, na huombi ruhusa mtandao wa zamani. Nenda kwa wakala wa mtandao mpya na kitambulisho cha NIDA, utatuma ombi kwa ujumbe mfupi kwenda 15080. Lakini kwanza lipa deni la salio, maliza bando, toa hela yote kwenye akaunti ya simu. Hivyo havihami na namba! Akaunti ya pesa utafungua upya, na benki uliyoiunganisha utaiunganisha upya. Wengi wanaumia hapo kwa sababu hawakuambiwa.

Mlio Liwale, Kilwa, Masasi na Nachingwea, wekeni hapa vipimo vyenu: kata, mtandao, saa, dBm.