Laptopu ni yangu, kadi ya waifai ni yangu, BIOS inanikatalia kama nani?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Presha imepanda.

Nina laptopu ya kitambo. RAM nimeiongeza, diski ya kuzunguka nimeitupa nikaweka SSD, na sasa inawaka haraka kuliko laptopu kadhaa mpya nilizozishika. Kinachonitesa ni waifai tu. Kadi iliyokuja nayo ni ya 802.11g, kiwango cha waifai cha mwaka 2003. Kwenye karatasi mwisho wake ni Mbps 54, kwenye matumizi hupati hata nusu ya hiyo. Halafu inasikia masafa ya GHz 2.4 peke yake, yale yale yanayogombaniwa na rauta za majirani, Bluetooth na maikrowevu. Chaneli zisizokanyagana huko ni tatu tu: 1, 6 na 11. Rauta yangu inatoa GHz 5 iliyo tupu kabisa, laptopu haina habari.

Nikasema si shida, ndani kuna sloti ya Mini PCIe, na hicho ni kiwango cha wote, si mali ya kampuni moja. Nikanunua Intel 7260 ya Mini PCIe, kadi ya mwaka 2013 inayoshika masafa yote mawili. Yenyewe ni nusu urefu na sloti yangu ni ya urefu kamili, kwa hiyo nikatafuta kile kibati cha kurefushia. Nikachomoa betri, nikafungua kifuniko cha chini, nikabandua vile vinyaya viwili vya antena, cheusi na cheupe, nikavibana kwenye kadi mpya. Kazi safi. Nikawasha.

Skrini nyeusi, maandishi meupe: kadi ya mtandao isiyoruhusiwa imechomekwa, zima mashine na uitoe. Mwisho. Hakuna kitufe cha kuendelea. Windows haijaguswa, Linux haijaguswa, laptopu imegoma mlangoni. Nimerudisha kadi ya zamani, ikawaka kama kawaida. Kwa hiyo kadi mpya nzima, sloti nzima, laptopu nzima. Kilichokataa ni orodha.

Ndiyo, orodha. Ndani ya BIOS, ile programu inayoamka kwanza ukiwasha mashine, waliotengeneza laptopu wameficha orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Kila kadi ina namba zake za utambulisho: jozi ya kwanza inataja aliyetengeneza chipu na aina ya chipu, jozi ya pili inataja kampuni iliyoitia nembo na kuiuza. BIOS inazisoma zote kabla ya kuwasha kitu kingine. Maana yake ni kwamba chipu ile ile ya Intel, kutoka kiwanda kile kile, ikiwa na namba ya kampuni ya laptopu inapita, ikiwa imenunuliwa ya kawaida inafukuzwa. Redio ni moja, mawimbi ni yale yale. Tofauti ni tarakimu chache ambazo mnunuzi hazioni hata kwenye boksi.

Na msiniambie basi ninunue ya kampuni. Orodha yenyewe iligandishwa siku walipoacha kutoa masasisho ya BIOS ya modeli hii. Kadi ya ac (kiwango kilichofuata n, na n yenyewe ilifuata g) ilikuja baadaye, itakuwamo vipi? Nzuri kuliko zote kwenye orodha ni ya n, na inayopatikana leo ni ile iliyochomolewa kwenye laptopu iliyokufa.

Utetezi wao naujua. Wanasema ni sheria: mamlaka za mawasiliano, ile FCC ya Marekani hasa, huidhinisha redio pamoja na antena zake, kwa hiyo ukibadilisha kadi umevunja mpangilio ulioidhinishwa. Haya. Mbona naweza kuchomeka adapta yoyote ya USB kwenye laptopu hiyo hiyo na BIOS haikohoi? Mbona kuna watengenezaji wanaouza katika nchi hizo hizo chini ya sheria hizo hizo, na laptopu zao za umri huo zinapokea kadi yoyote? Hilo halijawahi kuniingia akilini. Kama ni sheria, ingewabana wote. Hapa mtu aliamua kwamba spea itoke kwake tu, akatafuta sheria ya kujifunika.

Nimewauliza huduma kwa wateja. Jibu: modeli hii imeshatoka kwenye msaada, tunakushauri ununue kompyuta mpya. Asante sana.

Sehemu ya pili ya hasira zangu ni hizo adapta za USB.

Kwa kuwa natumia Linux, nilisoma kwanza. Wengi walisifia adapta moja yenye chipu ya AR9271, kwamba draiva yake imo tayari ndani ya kernel, kiini cha Linux, unachomeka na kusahau. Ni ya GHz 2.4 tu, lakini ni ya n, na nilishakuwa radhi na lolote. Nikaagiza kwa jina lile lile, modeli ile ile, picha ile ile. Ilipofika nikaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vilivyochomekwa kwenye USB: chipu ya Realtek. Nikageuza adapta, kwa chini karibu na namba ya mfululizo (serial), kwa maandishi ya kuchosha macho, kumbe ni toleo jipya. Chipu wamebadilisha, jina wameacha. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe lina picha ya mbuzi mwingine.

Draiva yake nimeipata kwa watu wema wanaoitunza kwa kujitolea, unaikusanya (compile) mwenyewe kwa amri. Inafanya kazi mpaka kernel isasishwe, ndipo waifai inapotea, na ili kuirudisha unahitaji intaneti ambayo ndiyo hiyo imepotea! Kuna adapta nyingine niliazimwa, hiyo ukiichomeka inajitambulisha kama CD yenye draiva za Windows. Mpaka programu ya usb_modeswitch iigeuze ndipo inakubali kuwa ni waifai. Nani alikaa akaona hili ni wazo zuri?

Sasa kabla hamjaanza kuniuliza ya kuuliza. Swichi ya pembeni ya waifai imewashwa. Amri ya rfkill list inaonyesha hakuna kizuizi, si cha swichi wala cha programu. Usalama wa rauta uko kwenye WPA2 ya AES, si WPA3 iliyo mpya zaidi, kwa sababu kadi za umri huu zikikutana na WPA3 zinababaika au hazioni mtandao kabisa. TKIP, ule usimbaji wa zamani, nimeizima pia, na wewe unayelalamika kwamba kadi yako ya n haivuki Mbps 54 nenda kaitazame hiyo kwanza, maana kiwango cha n hakikubali kasi zake juu ya TKIP wala WEP. Ujanja wa kuziba pini namba 20 ya kadi kwa selotepu naujua, lakini huo unatibu redio iliyozimwa na swichi, hautibu BIOS inayogoma.

Na yule atakayekuja na "nunua mpya mkuu, acha ubahili", apite kimya. Skrini nzuri, kibodi nzuri kuliko hizi nyembamba za sasa, betri nimebadilisha. Niitupe kwa sababu ya kadi inayoenea kiganjani?

Kwa sasa natumia rauta ndogo niliyoiweka katika hali ya mteja: inavuta waifai ya GHz 5 halafu inaipa laptopu kwa waya wa mtandao. Inakwenda vizuri mno, haihitaji draiva yoyote, BIOS haina la kusema. Lakini laptopu yenye waya na kiboksi kinachoning'inia si laptopu tena.

Ninachotaka kwenu ni hivi. Aliyewahi kuandika upya BIOS iliyoondolewa orodha, kwa CH341A, kile kifaa cha USB cha kuandikia chipu, na kile kibanio cha kuishika, aseme ukweli ilikwendaje, hasa kama alisoma nakala ya zamani akaihifadhi kwanza na kama iliwahi kumwokoa. Naogopa kuiua laptopu nzima kwa ajili ya kadi. Wa pili, mwenye adapta ya USB ya GHz 5 ambayo draiva yake imo ndani ya kernel bila kukusanya chochote, aweke hapa namba za lsusb. Namba, jamani. Jina la kwenye boksi baki nalo.