Mama yuko eda na hataki kukaa bure: kazi gani za nyumbani zinamfaa?

Chumbageni

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mzee wetu ametangulia mbele ya haki na mama yuko eda, hapa Tanga. Tangu tuanue matanga, shangazi na dada zangu wameshika msimamo kwamba mfiwa hagusi kitu: wamemnyang'anya ufagio, jiko, mpaka beseni la kufulia. Matokeo yake mchana kutwa anakaa anaangalia mlango, na saa tisa za usiku anaamka kudeki.

Ana miaka sitini na kitu, anatumia dawa za presha, magoti yanamsumbua, macho yako vizuri akivaa miwani. Usichana wake alikuwa msukaji wa ukili, ile mistari ya ukindu inayoshonwa kuwa mkeka.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie: tumpe kazi zipi na kwa mpangilio gani, zipi tumwepushe nazo, na sabuni zipi atumie bila kuingiza manukato kwenye eda yake. Vipimo na hatua tafadhali, si maneno ya jumla.

Bi Mkubwa

Wa alaykum salaam mwanangu. Poleni sana, Mungu amrehemu mzee na awape subira.

Mrudishieni ufagio leo hii. Anayozuiwa mwenye eda ya kufiwa yanajulikana: kuolewa, kuposwa waziwazi, mapambo, manukato, wanja, hina, dhahabu, na kulala nje ya nyumba yake bila dharura. Kupika, kufua, kuoga, kufagia na kutoka uani kuanika nguo havimo. Kumfungia chumbani ni mila ya watu, na akina shangazi wakishikilia, mleteni sheikh wa mtaa awaambie yeye mwenyewe ili usionekane unabishana na wakubwa. Eda ni miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo, tangu siku aliyofariki mzee. Hiyo ni miezi mingi ya kukodolea mlango.

Sasa kazi. Mpe iliyokuwa yake tangu zamani, iwe na mwisho unaoonekana, na iweze kuisha kati ya sala mbili. Mkimwambia "mama, panga stoo", ataanza, atachoka, na ile stoo iliyovurugwa itamkaa rohoni siku tatu. Mwambieni "mama, rafu ya juu tu". Mfiwa anasahau hatua: anatia chumvi mara mbili, anaacha moto unawaka. Kwa hiyo wiki hizi za mwanzo zimfae kazi za hatua mbili tatu, kama kuchambua mchele, kumenya kitunguu thomu, kukunja nguo au kufagia ua. Zenye kuhesabu zije baadaye.

Siku yake ipangeni hivi. Baada ya alfajiri afagie ua kabla jua halijapanda, kwa ufagio wa mpini mrefu. Ufagio wa chelewa unamwinamisha. Saa tatu mpaka saa nne na nusu iwe kazi ya mikono akiwa ameketi. Baada ya adhuhuri apumzike, lakini asilale zaidi ya nusu saa, maana usingizi mrefu wa mchana ndio unaomwamsha saa tisa. Alasiri ndiyo saa nzito, saa ambayo mzee alikuwa anarudi nyumbani. Hapo pasiwe na kazi ya upweke. Mjukuu akune nazi (yeye asikae kwenye mbuzi, ni ya chini mno kwa magoti mabovu), bibi akamue tui zito kwanza na jepesi baadaye, huku wanaongea.

Mwepusheni na kupanda stuli kufuta feni, kuingia ndani ya tangi la maji, kunyanyua ndoo ya lita 20, na kukaanga kwa mafuta mengi akiwa peke yake jikoni.

Kuhusu usiku, msimkemee. Sakafu yenye maji, taa hafifu na magoti mabovu ndiyo hatari yenyewe, kwa hiyo fungieni ndoo na mopu, na karibu na kitanda wekeni ungo wa choroko, bakuli mbili na taa nzuri. Kazi kavu ya kukaa inamrudisha kwenye usingizi mapema kuliko maji baridi. Ila zikipita wiki mbili hapati usingizi, au ameacha kula, au anasema anatamani amfuate mzee, mpelekeni hospitali. Eda haimzuii kutibiwa.

Mwaa

Kama alikuwa msukaji, umeshapata jibu. Ukili ni kazi nzuri kuliko zote kwa hali hiyo: haina moto, unaiacha popote, na inapimika.

Nunua ukindu uliokwisha kutiwa rangi. Kutia rangi kunataka sufuria inayochemka na unga wa rangi unaoshika kila kitu, hiyo kazi iache kwanza. Chagua mafungu yenye majani ya urefu mmoja, yasiyo na madoa meusi. Madoa ni ukungu, jani limeanza kuoza na litakatika mkononi.

Apasue majani kwa ukucha au sindano, yote yawe na upana mmoja. Hapa ndipo panapoharibu kazi nyingi: jani moja likiwa nene kuliko wenzake, ukingo wa ukili unapinda kama nyoka, na mkeka utakataa kulala sakafuni hata ukishonwa na fundi gani. Halafu ayafunge kwenye kitambaa kibichi kwa muda wa nusu saa hivi. Yasilowekwe ndani ya maji. Makavu yanavunjika kwenye kona, na yaliyolowa sana yanasinyaa yakikauka, ukili unaachia matundu.

Mikono yake imekaa miaka mingi bila kusuka, kwa hiyo aanze na ukili mwembamba wa majani machache, asirukie wa mapambo. Kuunga: jani jipya liingie kabla la zamani halijaisha, yapandane kiasi cha vidole vinne, na mikia ikatwe kwa mkasi mwishoni, siyo wakati anasuka. Unga majani mawili mahali pamoja na hapo patavimba.

Kipimo cha siku ni nusu pima (pima moja ni urefu wa mikono miwili ikinyooshwa). Akifika hapo azungushe bunda lake na kulifunga, hata kama mikono bado inataka. Kukaa sana chini kunamvimbisha miguu na kumkaza kiuno, kwa hiyo asukie kwenye kiti, ncha ya ukili ikiwa imefungwa kwenye mguu wa meza, na kila baada ya nusu saa asimame. Zikitimia pima za kutosha mtafuteni mshonaji au ashone mwenyewe. Mkeka mmoja wa kulalia unaweza kumfikisha mwisho wa eda.

Duka la Dawa Kona

Naongeza kwenye sabuni tu, maana watu wanakosea sana hapa.

Sabuni nyingi za unga zina manukato makali, na maji ya kulainishia nguo ndiyo zaidi. Atumie sabuni ya mche isiyo na manukato: robo ya mche akwangue kwa kwangulio la karoti, ayeyushe kwenye lita moja ya maji ya moto, hiyo inatosha beseni moja la nguo. Maji yenu yakiwa ya chumvi povu litakataa na nguo zitabaki na utando mweupe. Asizidishe sabuni, atumie maji ya mvua kwa suuza ya mwisho.

Sakafu na choo: dawa nyingi za rangi rangi zina harufu ya maua. Jiki ya kawaida isiyo na harufu ya kuongezwa inatosha, nusu kikombe cha chai kwenye ndoo ya lita 5 ya maji ya baridi. Maji ya moto yanaivunja nguvu na kukupandishia mvuke wake.

Na hili naomba wote nyumbani walijue. Jiki haichanganywi na siki, wala ndimu, wala dawa ya choo yenye asidi. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha gesi hiyo inabana mapafu kwa dakika chache. Mama anayeamka saa tisa usiku akiwa na mawazo ndiye mtu wa kumimina chupa mbili bila kusoma. Acheni chupa moja tu chooni, nyingine zifungiwe. Ikitokea, asiendelee kusugua: atoke, mlango ufunguliwe, asirudi mpaka harufu iishe kabisa. Akiendelea kukohoa au kubanwa kifua, hospitali.

Chumbageni

Mungu awalipe. Ufagio umerudi, na shangazi ameelewa baada ya sheikh kupita. Nina mawili yamebaki. Mama anataka kuanza na kabati la mzee: nguo, viatu, makaratasi. Dada anasema zigawiwe haraka ili asizione. Pili, chumbani kuna mito ya sufi ya siku nyingi, anataka kuifumua. Ni kazi ya kumwachia?

Karani Mstaafu

Kwenye kabati simameni kidogo. Nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi kama ilivyo nyumba, na zina warithi wake. Kwa hiyo kazi ya mama ni kupanga na kuorodhesha. Kugawa kusubiri warithi wakubaliane. Dada ana nia njema, lakini kanzu moja iliyotolewa kwa jirani imeshawahi kuzua maneno katika familia nyingi, na mjane ndiye anayelaumiwa.

Mpeni daftari la mistari na mtu mmoja wa kuandika. Siku moja, aina moja: leo kanzu, kesho mashati, viatu mwisho. Kabla ya kukunja, kila mfuko utolewe nje, mifuko ya ndani ya makoti hasa, maana humo ndimo zinamokaa risiti, hati za madeni na laini za simu. Zinazohitaji kufuliwa zifuliwe na kukauka kabisa kabla ya kuingia sandukuni. Joto la Tanga na unyevu kidogo tu vinatosha kuleta ukungu. Msifukize udi, na badala ya marashi tieni majani makavu ya mwarobaini kwenye kitambaa chepesi kuzuia wadudu. Kama kuna nguo moja anayotaka kubaki nayo bila kufuliwa, mwacheni nayo, iandikwe tu daftarini.

Makaratasi yasichanganywe na nguo. Chukueni bahasha nne kubwa: ya vitambulisho; ya nyumba na viwanja; ya benki, pensheni na bima; na ya madeni, yale anayodaiwa na anayodai. Madeni ndiyo ya kuwahi, kwa sababu yanalipwa kabla urithi haujagawanywa. Msitupe karatasi yoyote kwa sababu ni ya zamani. Na vijana mkimbilie jambo moja ambalo si la mama: kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, muda wake ni siku 30, kisha mchukue cheti. Bila cheti cha kifo hamtafungua mirathi mahakama ya mwanzo, ambako kwa kawaida huombwa pia muhtasari wa kikao cha ukoo, na benki haitawasikiliza.

Fundi Godoro

Sufi mwachieni, ila kwa masharti. Nyuzi zake ni nyepesi mno, zinaingia puani, na zinashika moto kuliko karatasi. Kazi ifanyike chumba kisicho na jiko wala mshumaa, feni imezimwa, mama amefunga kitambaa puani na kichwani. Kama ana pumu, afanye mwingine.

Mto mmoja kwa siku. Kwanza uanikwe juani ukiwa mzima, saa tatu asubuhi mpaka saa saba, ukigeuzwa katikati, halafu uingizwe ndani upoe. Mkiuacha mpaka jioni unakunywa umande na kazi imerudi mwanzo. Sufi yenyewe haifuliwi, ikishalowa inashikana mabonge na kunuka.

Afumue upande mmoja kiasi cha shibiri moja tu. Tundu likiwa kubwa, sufi inapanda mpaka darini. Atoe konzi kwa konzi kuingiza kwenye gunia safi, achambue kwa vidole, mbegu na mabonge aweke pembeni. Konzi ikisagika kuwa vumbi vidoleni, sufi hiyo imechoka na haivimbi tena. Itupwe, mnunue mpya ya kuongezea. Mfuko wa mto ufuliwe kwa ile sabuni ya mche na ukauke kabisa, mishono ndiyo inayochelewa.

Kujaza aanze na pembe nne, asukume kwa mwiko wa mbao, ndipo katikati. Wengi wanajaza katikati kwanza, pembe zinabaki tupu na mto unakuwa mpira. Ushonwe kwa uzi wa mara mbili, mishono ya karibu karibu, na foronya ivae siku ya pili baada ya mto kupigwapigwa ili vumbi lililobaki litoke.