Mkondo wa vipanga kidato cha tatu: wenzao wanawaonaje, na shule ifanye nini?

Zamu ya Jumatatu

Wakuu, habari za majukumu. Swali ni kwa walimu wa taaluma, wa malezi, na yeyote anayeijua mikondo kwa undani.

Shule ni ya kutwa, wavulana na wasichana. Kidato cha tatu kina wanafunzi 225 katika mikondo mitano ya 45. Baada ya matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, 45 wa juu, yaani vipanga, waliwekwa mkondo A. Hao tu ndio wanaosoma Fizikia na Kemia, na wana masomo ya ziada kuanzia saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja jioni. Shule inataka kuongeza idadi ya daraja la kwanza.

Alama zimepanda. Shida iko uwanjani. Mkondo A wanaitwa "wateule" na "watoto wa mkuu". Wakipita, wenzao wanakohoa. Mkondo E wanajiita vilaza wenyewe, huku wanacheka. Wasichana wawili wa A wanaomba kurudishwa B ilhali wanafanya vizuri.

Huu ni utani wa umri tu, au ni chuki? Tunaupimaje bila kubahatisha? Na mkondo uvunjwe, au unaweza kubaki bila kuigawa shule?

Chaki Tatu

Anza na kipimo, mkuu. Mkiingia kikaoni bila hesabu, kila mwalimu ataleta kisa cha mtoto mmoja na mtaamua kwa kisa hicho.

Mpe kila mwanafunzi nusu karatasi, wote 225, kipindi kimoja, ili wasipate muda wa kuambizana. Mwandishi aandike mkondo wake juu, jina lake hapana. Maswali mawili yanatosha. Moja: taja watatu wa kidato chako ambao ungependa kukaa nao wakati wa mapumziko. Pili: taja watatu ambao ungewafuata ukikwama kwenye somo. Usiulize kamwe nani humpendi. Swali hilo linazaa ugomvi ambao haukuwepo, na kabla ya kengele ya mwisho watakuwa wanaulizana nani kamwandika nani. Asimamie mwalimu asiyewafundisha. Mkishahesabu, karatasi zichomwe.

Kila mkondo unatoa majina 135 kwa swali moja. Chora jedwali la tano kwa tano, anayechagua upande mmoja, anayechaguliwa upande wa pili. Majina mengi yatabaki ndani ya mkondo uleule. Hilo lisikutishe, wanashinda pamoja tangu asubuhi. Unachotafuta ni mikondo jirani inavyotofautiana. Tuseme swali la kwanza B wametoa majina 20 kwa C na manne tu kwa A. Hapo ukuta uko kwa A, si kati ya mikondo kwa jumla. Halafu angalia swali la pili. Kama B haohao wametaja majina 40 ya A, basi wanawaheshimu ila hawataki kukaa nao. Kama hata swali la pili A haipati kitu, kuna hasira ya kweli. Soma pia safu ya A yenyewe: ikiwa hawamtaji mtu wa nje hata kwa mapumziko, ukuta unajengwa kutoka pande zote mbili.

Rudia baada ya wiki 12. Usilifanye zoezi hili wiki ambayo matokeo ya mtihani yamebandikwa, utapima hasira ya wiki hiyo.

Bi Nasaha

Mwalimu, umeuliza kama ni utani au chuki. Mara nyingi si kimoja kati ya hivyo. Mwaka 1962 Abraham Tannenbaum wa Marekani alichapisha utafiti uliofanyika kwa wanafunzi wa sekondari New York. Aliwapa maelezo ya wanafunzi wanane wa kubuni: mwenye akili nyingi au za kawaida, anayesoma sana au kidogo, mwanamichezo au asiyecheza. Aliyeshika mkia kwa kupendwa si yule wa akili za kawaida. Ni mwenye akili, anayesoma sana na asiyecheza. Aliyeongoza ni mwenye akili, anayecheza, na asiyeonekana akihangaika na daftari.

Yaani akili haiwakeri wenzao. Kinachokera ni msuli, yaani kusoma sana, unaoonekana, tena ukiambatana na kutokuwepo uwanjani. Sasa tazama ratiba yenu: saa tisa na nusu ndiyo saa ya michezo kwa shule nyingi. Mmechukua watoto 45 mkawaondoa uwanjani kila siku, kisha mnashangaa wanaitwa majina. Mnawatengenezea sura ileile iliyoshika mkia.

Matokeo yake vipanga hujifunza kujificha. Utamsikia asubuhi anaapa kuwa jana hakugusa kitabu, kumbe kakesha. Hilo lina madhara mawili. Yeye anaacha kuuliza maswali darasani ili asionekane anasoma sana. Na wa mkondo E anaamini kwamba akili ni ya kuzaliwa nayo, maana haoni kazi iliyofanyika, basi na yeye haoni sababu ya kufungua daftari. Neno "kilaza" wanalojiita linawalinda. Aliyekwisha kujiita hivyo hawezi kuaibishwa tena na mtihani.

Kuna na kundi ambalo mtu halikumbuki: nafasi ya 38 mpaka 45 ndani ya A. Herbert Marsh na wenzake wa Australia wameonyesha kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi wa uwezo uleule hujiona dhaifu zaidi akiwekwa na wenye nguvu kuliko akiwekwa na wa kawaida. Wa 40 katika A angekuwa wa kuheshimika B. Ndani ya A ni mkia. Kwa maoni yangu huyu ndiye anayeringa sana huko nje, kwa sababu jina la mkondo ndilo limebaki kumtetea. Mkihubiria mkondo mzima kuhusu unyenyekevu mtamkosa. Muiteni peke yake, muongee kuhusu Fizikia yake.

Na mhubiri mwenyewe ajichunge. "Ninyi mnacheza, wenzenu A wanasoma" ni sentensi ya mstarini ambayo mwalimu huisahau saa hiyohiyo. Mkondo E hawaisahau mpaka wanamaliza.

Ratiba Ngumu

Naongezea upande wa utawala. Uhasama huu haulishwi na alama, unalishwa na vitu. Pita madarasa yote matano na daftari mkononi, andika: madawati mangapi yamevunjika, vitabu vya kiada wanafunzi wangapi kwa kimoja, mwalimu nani yuko wapi, vipindi vingapi vimekosa mwalimu wiki iliyopita, nani anadeki choo na nani ameondolewa zamu kwa sababu "ana ziada". Ukikuta A ina madawati mazima, walimu wenye uzoefu na msamaha wa usafi, basi hao wengine hawana wivu, wanasoma mazingira yao vizuri tu.

Kuna jaribio lililofanyika magharibi mwa Kenya kuanzia 2005, la Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Shule za msingi 121, darasa la kwanza likigawanywa mikondo miwili. Katika shule 60 waligawa kwa alama, katika 61 wakagawa kwa bahati nasibu. Waliogawanywa kwa alama walifanya vizuri zaidi, na si wa juu tu, hata wa chini, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha kwa kiwango cha watoto waliokuwa mbele yake. Lakini watu hunukuu nusu: mwalimu yupi aende darasa lipi iliamuliwa kwa kura. Kwetu mwalimu bora huenda A bila kura. Na lile jaribio lilihusu alama za watoto wadogo, si mahusiano ya vijana wa miaka 16. Kwa hiyo mkondo si dhambi, ila sharti lake ni kwamba wa chini wasibaki na makapi.

Mambo ya kurekebisha, kwa mpangilio wa urahisi. Herufi ziondoke. A mpaka E ni orodha ya alama hata mtoto wa chekechea anajua. Tumieni majina ya milima, na chumba cha mkondo wa juu kisiwe kile cha karibu na ofisi ya mkuu. Zamu za usafi ziwe sawa. Mwalimu yeyote anayeingia mkondo wa juu awe na angalau mkondo mmoja wa chini kwenye ratiba yake. Matokeo yabandikwe kwa namba, bila jina na bila nafasi, na mwalimu wa darasa amwambie kila mmoja nafasi yake. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne cha 2022. Shule haina haja ya kulipita Baraza kwa kutangaza.

Kubwa kuliko yote ni mlango. Mkondo usio na mlango wa kuingilia na kutokea ni ukoo, si mkondo. Wekeni kanuni iandikwe na isomwe kwa wote: kila baada ya mtihani wa muhula, wastani wa mitihani miwili mfululizo unalinganishwa, na wa juu wa B wakiwapita wa chini wa A kwa alama tatu au zaidi, wanabadilishana. Mitihani miwili, kwa sababu mmoja unaweza kuharibiwa na homa au msiba. Msizidishe watano kwa muhula, vinginevyo darasa halitulii.

Hapa ndipo mpango wenu unapokwama. Fizikia na Kemia ziko A pekee. Mtu wa B akifuzu kupanda mwezi wa sita atakuta mada za nusu mwaka hajazigusa. Mlango mmeufunga kwa ratiba hata kama kanuni inasema uko wazi. Ama B nao wasome Fizikia na Kemia, ama mkondo uwe wa somo: wa juu wa Hisabati wakutane vipindi vya Hisabati, wa juu wa Kiingereza wakutane Kiingereza, na darasa la usajili libaki mchanganyiko. Hii ya pili inadai Hisabati ya mikondo yote iwe saa moja, maana yake walimu watano wa Hisabati kwa wakati mmoja. Shule yenye wawili isijaribu.

Mti Mkavu

Nimesoma yote, nakubali mengi. Naona anakuja mtu kupendekeza "vipanga wawafundishe wenzao", kwa hiyo nitangulie. Mkifanya ovyo itazidisha.

Ukimweka kipanga mbele ya wanane wa mkondo E na chaki, umempandisha cheo cha mwalimu mdogo mbele ya wenzake. Wao wamekuwa wagonjwa, yeye daktari. Atafanya swali lote mwenyewe, wao watadesa, na Ijumaa hakuna atakayerudi. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana peke yake hakuondoi chuki. Makundi yawe na hadhi sawa ndani ya kazi hiyo, lengo liwe moja, washirikiane badala ya kushindana, na wakubwa waunge mkono waziwazi.

Kwa hiyo gawa kazi, si watu. Kundi la watano, mmoja kutoka kila mkondo. Mada moja ya Jiografia au Bayolojia, ambazo wote wanazisoma, ikatwe vipande vitano. Kila mmoja apewe kipande chake siku mbili kabla, na asipewe vingine. Siku ya kundi, dakika saba kila mmoja kuwaeleza wenzake, dakika kumi maswali, kisha jaribio la maswali kumi kwa kila mtu peke yake. Mbinu hii ilibuniwa na Elliot Aronson mwaka 1971 kwenye shule za Austin, Texas, watoto weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko walipowekwa darasa moja wakawa wanagombana. Nguvu yake iko kwenye ukweli kwamba kipanga naye anakwama bila kipande cha mtu wa E.

Inaharibika kwa njia tatu. Kipande cha E kikiwa chepesi makusudi, wataona wamedharauliwa. Kipande kikiwa kigumu na hakuna aliyemsaidia kujiandaa, ataaibika mbele ya watu wanne, kwa hiyo kabla ya siku yenyewe wakusanye wote wenye kipande kimoja wakae dakika 20 na mwalimu. Na ukitoa zawadi kwa kundi lililoongoza, umerudisha mashindano uliyokuwa unayakimbia. Mara moja kwa wiki, wiki nane, ndipo upime.

Zamu ya Jumatatu

Shukrani sana wakuu. Suala la saa ya michezo hatukuwahi kuliona. Bi Nasaha, na wale wasichana wawili? Mkuu wa shule anasema wakazwe wabaki, wasikimbie maneno ya wenzao.

Bi Nasaha

Asiwakaze kabla hajawauliza, na aulize mwalimu wa kike, mmoja mmoja, kila mmoja kwa siku yake. Inawezekana ni maneno. Msichana wa mkondo wa juu huambiwa ya kwake zaidi ya yale ya wavulana, kwamba anajitia mwanaume, kwamba atazeekea shule. Lakini muulize kwanza anafika nyumbani saa ngapi. Akitoka saa kumi na moja jioni anakutana na watu wanaotoka kazini, na konda saa hiyo hamtaki wa nauli ya mwanafunzi. Atapanda saa kumi na mbili, atashuka giza limeingia, na nyumbani kuna maji hayajachotwa. Kwa mama yake kosa ni la mkondo A. "Nirudisheni B" inaweza kuwa na maana hiyo tu.

Hamishieni ziada asubuhi kabla ya mstari, au Jumamosi saa mbili hadi saa sita. Uwanja wa jioni urudi kwa wote, kisha muwaulize tena kama bado wanataka B.